Neno moja la kwenda nalo mwaka mzima: maswali yenu

Tangu mkesha wa mwaka mpya nimepokea maswali mengi kuhusu desturi ya kuchagua neno moja la kuombea na kujitafakari mwaka mzima. Haya manne yamejirudia zaidi.

Mchungaji wetu ametangaza huu ni "Mwaka wa Kuinuliwa". Bado nahitaji neno langu?

Ndiyo, wala hayagombani. La kanisa ni la wote, liitikie pamoja na wenzako. Lako ni la chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Katika karne ya 4, watu walikuwa wakiwafuata watawa wa jangwa la Misri na kuwaomba, "Abba, nipe neno." Mzee angetoa sentensi moja, pengine fupi mno, na aliyeomba akarudi kwenda kuishi nayo. Hakuahidiwa cheo wala mali, alipewa kazi ya kufanya. Ndiyo maana namshauri kila anayeniuliza atafute neno linalomdai kitu. "Kuinuliwa" ni la kungojea, lakini "samehe" unaanza nalo leo jioni, na mtu unamjua.

Nalipataje? Nifumbe macho, nifungue Biblia na kuweka kidole?

Hapana. Najua mtu atanikumbusha Wamoravian, waumini wa kanisa la Kiprotestanti la Herrnhut, Ujerumani, ambao mstari wao wa kila siku kutoka Agano la Kale hupatikana kwa kura. Desturi hiyo ilianza 1728, kitabu chake kikaanza kuchapwa 1731, na wamisionari wa kanisa hilo ndio waliofika Rungwe, kusini mwa Tanzania, mwaka 1891. Lakini kura ile hupigwa kwa ajili ya kanisa zima, na mstari wa Agano Jipya unaoambatana nao huchaguliwa na mtu aliyekaa akatafakari. Kidole cha haraka saa sita usiku kinakaribia ramli.

Wewe rudi kwenye maombi yako ya miezi mitatu iliyopita. Umekuwa ukimlilia Mungu nini? Jambo lililojirudia ndilo lenye neno lako. Mimi hupendelea kitenzi, kwa sababu Kiswahili hukikuza chenyewe. Chukua "sikia". Miezi ya mwanzo unaomba upate kusikia tu. Baadaye unajikuta kwenye "sikiliza", ambako inabidi uzime redio na kumwacha mwenzio amalize kusema. Kisha "sikilizana", na hapo mmekuwa wawili.

Kila mwaka ikifika Machi nimeshalisahau. Nifanyeje?

Liandike pale mikono yako inapofanya kazi. Langu la mwaka jana lilikuwa "Pokea". Mimi ni mtoto wa kwanza kwa mama yangu, nimezoea kutoa, na kupokea hunipa shida. Nililiandika kwa wino mwekundu, nikalibandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo. Juni nikashikwa na malaria. Jirani akaja na bakuli la maharage lililofunikwa kwa sahani, bado la moto, na mimi nikawa namwambia, "Dada, usijisumbue, chakula kipo." Hakikuwepo. Nilipofungua kabati nitoe chombo cha kumhamishia, nikakutana na lile neno, mvuke wa jikoni umeshaanza kukunja kona yake. Nikanyamaza. Nikamwomba akae. Alikaa mpaka jua likazama, na vyombo akaviosha yeye.

Mwaka jana nilichagua "Furaha". Aprili nikamzika mama. Naona kama nilidanganywa. Nichague tena?

Pole sana, mwanangu. Hukukosea kuchagua, na Mungu hakukudanganya. Neno la mwaka ni sala yetu, si utabiri. Uliomba furaha kwa moyo safi, kisha msiba ukaja, na hayo mawili sitajaribu kukuunganishia.

Usijilazimishe kuchagua kwa kuwa Januari imefika. Kaa kwanza na Zaburi ya 88. Inaanza kwa kilio na kuishia gizani, na bado imo katika kitabu cha sala. Ukitaka neno, humo lipo moja, katika mstari wa kwanza kabisa: "nimelia". Omba hilo tu, hata bila kuongeza kitu. Likikufikisha mwisho wa mwezi huu, limetosha. Februari niandikie tena, unieleze unaendeleaje.