Maswali na majibu: Kuijua Dar es Salaam kwa baiskeli ya kukodi

Nitakuwa Dar es Salaam kwa semina na Jumapili nina nafasi. Nikikodi baiskeli, nipite wapi ili nisipotee? (Msomaji, Dodoma)

Anzia kwenye kanisa la Kilutheri la Azania Front, lile lenye paa la vigae vyekundu ambalo Wajerumani walilijenga likiitazama bandari, na uwe umefika saa 12 na nusu asubuhi. Saa hiyo ya Jumapili magari ni machache, jua halijawa kali, na unaweza kusimama popote bila kupigiwa honi. Fuata Barabara ya Kivukoni hadi soko la samaki la Feri, ambako mnada huwa umekwisha kuchangamka, kisha ushike barabara ya baharini inayopita Ikulu, ambako hupaswi kupiga picha, na Hospitali ya Ocean Road, mpaka Daraja la Tanzanite.

Daraja hilo, lililofunguliwa mwaka 2022, lina urefu wa zaidi ya kilomita moja na limepita juu ya maji ya bahari. Mimi hushuka nikaikokota baiskeli kwenye njia ya waenda kwa miguu, kwa kuwa katikati ya daraja ndipo mgeni anapoanza kuelewa jinsi mji huu ulivyokaa: maghorofa yamesongamana upande wa bandari, na mbele yako rasi ya Msasani imejitokeza baharini. Ng'ambo ni Oysterbay na Coco Beach. Kula muhogo wa kukaanga wenye pilipili na kachumbari, unywe dafu, ndipo urudi. Huwezi kupotea, kwani ukienda bahari iko kulia kwako, na ukirudi iko kushoto.

Nikague nini kabla ya kulipa? (Msomaji, Morogoro)

Anza na breki. Bana ya mbele peke yake huku ukiisukuma baiskeli, kisha ya nyuma. Gurudumu likiendelea kuzunguka, omba nyingine. Fuata waya wa breki kwa kidole mpaka unapoingia kwenye mpini, kwa sababu nyuzi zake huanza kukatika pale pale pasipoonekana. Niliwahi kulipuuza jambo hilo, waya ukakatika nikiwa kwenye mteremko, nikajisimamisha kwa soli za viatu. Zungusha pedeli usikilize kama cheni inaruka, na minya tairi zote mbili kwa dole gumba.

Kubalianeni mapema ni nani atakayelipia pancha, na baiskeli irudishwe saa ngapi. Mwenye mali akitaka dhamana, mpe nakala ya kitambulisho, si kitambulisho chenyewe. Pancha isikutie hofu, kwani mitaani mafundi wapo: fundi ataitoa tyubu, ataijaza upepo, ataizamisha kipande kwa kipande kwenye karai la maji mpaka mapovu yaonyeshe tundu, atapasugua kwa msasa na kubandika kiraka.

Je, naweza kupita kwenye njia ya mwendokasi, maana naiona iko wazi? (Msomaji, Iringa)

Hapana. Njia hiyo ni ya mabasi peke yake, nayo huja kwa kasi. Kando ya Barabara ya Morogoro kuna njia ya waenda kwa miguu na baiskeli. Itumie hiyo, ukijihadhari na bodaboda wanaoikatiza.

Nataka kufika Kigamboni. Nipite darajani au kwenye pantoni? (Msomaji, Tanga)

Nakusihi upande pantoni. Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016 na lenye urefu wa mita 680, ni zuri kulitazama, lakini ili ulifikie utabanana na malori ya bandarini. Kwa pantoni unavuka Magogoni kwa dakika chache, ukiwa umesimama na baiskeli yako kati ya abiria wenye vikapu na ndoo. Subiri umati uteremke kwanza, ndipo nawe utoke.

Kutoka hapo nenda Mjimwema, na miguu ikiruhusu, endelea hadi Gezaulole, kijiji ambacho jina lake kwa Kizaramo ni kama kusema "jaribu uone". Minazi, vichochoro vya mchanga na watoto watakaokukimbilia wakipiga kelele vitakuonyesha Pwani ambayo mtu wa katikati ya jiji huisahau. Kwenye mchanga mwingi shuka utembee, ukilazimisha utaanguka.

Mimi ni mwanamke na huvaa dera. Nitaweza kuendesha? (Msomaji, Zanzibar)

Utaweza, dada yangu. Chagua baiskeli isiyo na mtaimbo wa juu na yenye kava la cheni, vaa suruali ndani, kisha likusanye dera ulifunge kwa kanga kiunoni. Watakaokutazama wapo, ila wengi wao hutazama kwa kufurahi.

Nije miezi gani? (Msomaji, Bukoba)

Juni hadi Septemba ndiyo miezi mizuri, kwa kuwa joto limepungua. Kumbuka tu kwamba kusi huvuma: itakusukuma ukielekea Coco Beach, nawe utaikabili ukirudi, kwa hiyo bakiza nguvu. Kati ya Machi na Mei ni masika. Barabara ikijaa maji usiipite hata kama wengine wanapita, kwa maana chini ya maji hayo huwezi kujua mtaro usio na mfuniko uko wapi.