Jibu: Kijumba cha lori kinachopasuka kwenye kona

Salamu, ndugu. Unasema kijumba ulichokifunga juu ya chesi (fremu ndefu ya chuma inayobeba lori) ya Canter kinapasuka kwenye kona, na mlango unakwama kila ukitoka barabara mbovu. Kabla ya kuongeza silikoni, pandisha gurudumu moja la mbele kwenye tuta imara, kisha ujaribu mlango: ukikwama, chesi inajipinda na kukivuta kijumba, kwa kuwa mafundi wetu wa jua kali, Kisumu hata Nakuru, hupenda kukaza boliti zinazokifunga kwenye chesi pande zote. Mimi hukaza za nyuma kabisa, na za mbele huziwekea springi ili fremu ya chini ya kijumba iinuke kidogo kutoka kwenye chesi, pamoja na vyuma vya kuizuia isiteleze kando. Usitoboe wala kuchomelea kingo za juu na chini za chesi. Nyufa huanzia hapo.