Mwalimu mwenzangu, usiwafiche wanafunzi macho yako

Glakoma, ugonjwa wa macho unaopunguza uoni polepole, ilianza kunila uoni wa pembeni. Mwanzoni ubao niliuona vizuri, lakini mwanafunzi akisimama ubavuni sikumwona mpaka aseme. Nafundisha Kiswahili sekondari, hapa Tanga mjini, na kwa miaka miwili nilificha. Usiku nakariri kurasa, asubuhi najifanya nasoma. Wewe unayepitia hayo sasa, nakusihi usifiche. Kuficha kunachosha kuliko kutoona kwenyewe. Na dawa ya matone usiiruke hata siku moja: uoni uliopotea haurudi, uliobaki ndio wa kuulinda.

Siku nilipowaambia kidato cha pili, darasa zima kimya. Kisha mmoja akauliza, "Sasa mwalimu, tukinyoosha mkono utatuonaje?" Swali la haki kabisa. Tukakubaliana: anayetaka kusema agonge dawati, ataje jina. Ubaoni anaandika mwanafunzi, mimi natamka, wenzake wanamsahihisha. Tahajia yao imenyooka kuliko wakati naandika mwenyewe.

Walioniumiza ni watu wazima. Nilikwenda ofisi moja na mpwa wangu wa miaka 11, karani akamwuliza mtoto, "Mama anataka nini?" Nikajibu mimi, kwa upole, nikataja jina langu na shida yangu. Mzazi mmoja naye alitaka mwanawe ahamishwe mkondo. Nikamkaribisha akae nyuma kipindi kizima. Ombi lile hakulirudia. Ila kazi yako ikiguswa, upole peke yake hautoshi. Ijue Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010: inakataza ubaguzi kazini, na mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi anatakiwa asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu. Hiyo ni haki, si sadaka.

Jambo jingine wafundishe wanafunzi mapema: wasikudake mkono na kukuburuta. Wewe ndiye ushike kiwiko chao, wakutangulie nusu hatua, waseme "ngazi" kabla hujaifikia. Mimi nililifanya somo, wawili wawili, uani.

Juzi natoka sokoni Ngamiani, fimbo nyeupe mkononi, nahesabu barabara (mitaa yetu ina namba, neema kubwa kwa asiyeona). Kufika ya 8 nikasikia, "Shikamoo mwalimu, ni mimi wa kidato cha pili B." Hakunishika. Alikuja ubavuni, akasogeza kiwiko.

"Kuna bodaboda imeegeshwa mbele yako. Tupite kulia."