Mwonekano wa eneokazi haumhitaji root

Usiibandike amri ya `gsettings` kwenye crontab (orodha ya kazi zinazojiendesha kwa saa) ya root, yaani mtumiaji mkuu wa kompyuta. Umesema unataka GNOME, eneokazi lako la Linux, liwe jeusi jioni na jeupe asubuhi, picha ya mandhari ibadilike pamoja nalo na mwangaza wa skrini upungue usiku, kisha ukamalizia, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba `gsettings` imegoma ndani ya cron, programu inayoziendesha kazi za crontab, na kwa hiyo leo utajaribu `sudo crontab -e`, inayofungua crontab ya root.

Amri ya `gsettings` huandika thamani katika dconf, yaani hifadhi ya mipangilio, ya mtumiaji aliyeiendesha, kwa kupitia D-Bus, njia ya programu kuwasiliana, ya kikao chake. Cron haikijui kikao chako, na ndiyo sababu hukuona kitu. Ukimkabidhi root kazi hiyo, atabadili mwonekano wake mwenyewe, ambao hakuna anayeutazama.

Mimi sikuishia hapo, kwa sababu nilimwamini mwalimu mmoja wa video ambaye kujiamini kwake kulikuwa kumeuacha mbali sana uelewa wake. Alifundisha kwamba dawa ni kuandika `XDG_RUNTIME_DIR=/run/user/1000`, inayotaja folda ya muda ya kikao chako, juu ya crontab hiyohiyo ya root, ili root ajifanye ni wewe. Root hajui kujifanya. Faili anayoiunda hubaki kuwa mali yake. Baada ya hapo, programu nilizozifungua kutoka terminali zililalamika kwamba zimenyimwa ruhusa ya kuunda `/run/user/1000/dconf/user` na kwamba dconf haitafanya kazi ipasavyo, na kweli haikufanya. Kuwasha kompyuta upya kuliiondoa faili hiyo, kwa kuwa `/run` huishi kwenye kumbukumbu tu, lakini jioni root alirudi kazini kwa uaminifu ambao sijauona hata kwa fundi niliyemlipa nusu.

Hasara yenyewe ilikuja pale mwalimu yuleyule alipomjibu mlalamikaji mwingine kwamba afute folda ya `~/.config/dconf`, nami nikaifuta ya kwangu. Njia za mkato za kibodi, mpangilio wa lugha za kuandikia, programu nilizozibandika pembeni na mipangilio ya viendelezi vyote vilitoweka kwa pamoja, kwa sababu vyote hukaa katika faili moja iitwayo `user`, ambayo wala si maandishi ya kuweza kuyafungua ukaokoa mistari unayoitaka. Ilitosha kuuondoa ule mstari kwenye crontab ya root, kisha kurudisha umiliki wa `/run/user/1000/dconf` kwa `chown`. Eneokazi, kwa taarifa yako, lilibaki jeupe.

Kwa hiyo kazi yoyote inayogusa eneokazi lako iendeshwe na wewe mwenyewe, ndani ya kikao chako, bila sudo. Andika skripti fupi inayosoma saa kwa `date +%H`, kisha iweke `color-scheme` ya `org.gnome.desktop.interface` kuwa `prefer-dark` au `default`. Iite kwa kipima muda cha systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, kilichomo katika `~/.config/systemd/user`, chenye mistari miwili ya `OnCalendar`, mmoja wa asubuhi na mwingine wa jioni, pamoja na `Persistent=true` ili zamu iliyopita kompyuta ikiwa imezimwa ifidiwe ukishaingia. Kiwashe kwa `systemctl --user enable --now`. Saa hapo ni za kuanzia usiku wa manane: jioni yako ni 18:30, na ukiandika 12:30 kwa mazoea ya nyumbani utawekewa giza mchana kweupe. Picha, kuanzia GNOME 42, ina ufunguo wake wa `picture-uri-dark`, nayo hufuata rangi yenyewe.

Kabla ya yote hayo, hifadhi mipangilio yako kwa `dconf dump / > nakala.txt`, kisha endesha `sudo crontab -l` uione crontab ya root. Kama mstari ule umekwisha kuuweka, uondoe kabla ya jioni.