Nilificha rimoti, haikusaidia

Watoto walikuwa uani wanacheza Paw Patrol, ile katuni ya mbwa waokoaji. Mtoto wa kaka yangu, ana miaka saba, ndiye aliyekuwa anagawa vyeo: huyu Chase, huyu Marshall, yule Rubble. Akabaki binti yangu. "Wewe Skye. Kaa pale juu ya ndoo, tukikuhitaji tutakuita." Akakaa. Nikaanika nguo mpaka beseni likaisha, naye bado yuko kwenye ndoo, mikono kaitandaza kama mabawa, anasubiri kuitwa.

Nilikasirika, nikafanya kosa: nikapiga marufuku katuni hiyo, na rimoti nikaificha. Wiki haikuisha nikamkuta kwa jirani kaikodolea macho. Ukitaka kufuata njia hiyo, usijisumbue.

Basi nikaanza kukaa naye tuitazame pamoja, nikagundua nilikuwa nagombana na rangi ya pinki bure. Skye, mwenye mavazi ya pinki, anarusha helikopta. Pinki haimpunguzii kitu. Tatizo ni hesabu. Katuni ilipoanza mwaka 2013, katika wale mbwa sita jike alikuwa yeye tu. Madume wana nafasi ya kutofautiana: Chase kiongozi, Marshall wa kujikwaa kila saa, Rubble wa kupenda kula. Skye kabebeshwa usichana wote peke yake.

Mambo haya si ya leo. Utotoni mimi nilikuwa shabiki wa Power Rangers, tamthilia ya mashujaa ambao kila mmoja ana vazi la rangi yake, na niliyempenda ni yule msichana wa njano, kwa vile alipigana bila madaha. Nimekuja kujua ukubwani kwamba toleo lile la Marekani la 1993 lilichukua picha za mapigano kutoka tamthilia ya Kijapani, na huko wa njano alikuwa mwanaume! Ndiyo maana wa pinki ana kisketi na wa njano hana. Nilicheka, halafu nikanuna kidogo.

Kilichonisaidia ni swali moja tu. Kipindi kikiisha namuuliza: "Nani katoa wazo?" Siulizi nani kapigana wala nani kashinda, maana siku hizi wasichana wa kwenye katuni wanapiga mateke vizuri tu, ila mpango unatoka kwa mwingine. Mwanzoni alinikazia macho. Siku hizi ananijibu kabla sijauliza. Mwulize na mtoto wa kiume; yeye ndiye anayegawa vyeo uani.

Mtafutie pia Super Sema, katuni ya Kenya iliyoanza YouTube mwaka 2021, Lupita Nyong'o akiwa mmoja wa watayarishaji wakuu. Sema anabuni vifaa kwa sayansi kupambana na Tobor, roboti katili, na pacha wake MB yuko naye bega kwa bega.

Jumamosi iliyopita nilichungulia uani. Kwenye ndoo kakaa mpwa wangu, anasubiri. "Shangazi, mwambie aniite basi!"