Jibu: Tui linakatika kwenye mchuzi wa samaki

Salaam, dada. Umesema mchuzi wako wa mchana hukatika tui kila mara, ndiyo unaongeza mafuta kuuficha. Angalia moto kwanza. Mimi hapa Lamu huchemsha nyanya, kitunguu, bizari na samaki kwa tui la pili, lile jepesi, mpaka aive. Tui zito nalitia mwisho, makaa nimeshayapunguza. Nakoroga kwa upawa polepole, samaki asivurugike, wala sifuniki. Vipovu vikianza pembeni tu, naepua. Ndimu? Baada ya kuepua. Siku moja niliikamulia motoni, chungu kizima kikawa mabongemabonge, na wageni wako barazani! Tui la pakiti sijalipikia. Mafuta acha, nazi inatosha. Ukibaki, jioni uleni kwa mkate wa mofa.