Kabla hujanunua pikipiki kwa sura yake

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mabawa, hapa Tanga, aliniandikia hivi: "Shikamoo kaka. Nina milioni mbili na laki nane mkononi. Kuna pikipiki mpya nimeiona dukani, ina sura kali, imechongoka mbele kama mwewe. Mjomba anang'ang'ania nitafute Honda ya zamani. Nimsikilize nani?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilidhani nitakujibu kwa mstari mmoja nikalale. Nimeandika mpaka adhana ya alfajiri, maana swali lako lilinikuta na mimi mwaka 2014, nikalijibu vibaya, na bado linanikera.

Mzee wangu alikuwa bwana shamba Muheza. Pikipiki yake ilikuwa Honda CG125 nyekundu, tangi limebonyea upande wa kushoto pale jembe lilipoliangukia. Mlio wake tuliutambua akiwa bado nyuma ya michungwa, tukapata muda wa kurudisha mahali pake kila tulichokuwa tumekichokonoa. Nilikaa juu ya lile tangi kabla sijajua kusoma. Mguu wangu wa kulia una alama ya eksozi yake mpaka leo, na sioni haya kuionyesha.

Alipostaafu alihamia kwetu Makorora, akanikabidhi funguo. Hakutoa hotuba. Alisema neno moja tu: oili.

Nilikuwa na miaka 26, nimeoa juzijuzi, nauza vifaa vya umeme Ngamiani. Wenzangu wa kijiweni waliniita Bwana Mifugo. Nikipaki tu wananiuliza leo nachanja ng'ombe wangapi. Nilicheka nao, ila yalinichoma. Mwezi wa sita nikaiuza kwa mtu wa Korogwe kwa laki tatu na nusu, nikaongezea akiba, nikanunua mpya ya milioni mbili na laki moja. Kampuni siitaji, kwa sababu leo naongelea ujinga wangu mimi.

Ilikuwa nyeusi na kijani. Taa za mbele mbili, zimekunja uso kama mtu aliyekuja kudai. Ubavuni matundu makubwa ya hewa, siti ya nyuma imenyanyuka juu, madigadi ya nyuma fupi kama ukucha. Jumapili ya kwanza niliizungusha Raskazone mara nne jua likizama, na nakiri sijawahi kujiona mwanamume kama jioni ile.

Nilipofika nyumbani mzee alitoka nje. Akaizunguka mara moja, mikono mgongoni, akasimama kwenye tundu la ubavuni.

"Hapa panaingia nini?"

Nikamwambia hewa, baba, ya kupoza injini. Akainama, akaingiza kidole cha shahada. Kikafika kwenye kifundo cha kwanza kikagota. Kumbe lile lilikuwa kibakuli cha plastiki, kimepakwa weusi ndani ili kionekane kina kirefu. Akakitoa kidole, akakifuta kwenye kanzu, akaenda kutia udhu. Hakusema kitu siku ile wala baadaye. Ni heri angenigombeza.

Mke wangu alifuata. Amejitanda baibui lake, kikapu mkononi, akaitazama ile siti. Kwenye Honda alikuwa anakaa upande, siti ndefu na bapa, keria ya chuma nyuma ya kushikilia, kikapu mapajani. Hii haikuwa na pa kushika wala pa kuweka mguu kwa mtu aliyekaa upande. "Mimi sipandi kiota cha kunguru," akasema, akasimamisha bodaboda. Ilikuwa Boxer. Nikawafuata nyuma mpaka soko la Mgandini kama askari wa msafara.

Miezi iliyofuata naipita haraka, haina raha. Plastiki zikaanza kulia. Kila shimo la mtaani linakata kishikizo kimoja, na kishikizo hakiuzwi peke yake, unauziwa ubavu mzima. Nikafunga kwa waya. Waya ukashika kutu, kutu ikachora rangi. Sisi wa Tanga tunaijua hewa ya bahari inavyokula chuma.

Kisha siku moja ikagoma kuwaka. Nikaikokota mpaka kwa fundi wangu wa barabara ya 11. Akaanza kufungua skrubu, anazipanga kwenye kifuniko cha ndoo. Nilizihesabu: 17, kabla hajaiona plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha injini. Plagi ya Honda ya mzee niliifungua nikiwa darasa la nne, kwa spana moja, mzee kasimama pembeni anakula chungwa.

Alipotoa plastiki ya mwisho fundi akacheka. "Hebu njoo uone." Nikachungulia. "Hii si ndiyo injini ya mzee wako? Wameitanua kidogo, wakaivalisha."

Na alikuwa sahihi. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976 wakizilenga nchi kama zetu, ambako mtu anapakia magunia na oili anabadili akikumbuka. Kamshafti, ile shafti inayofungua vali za injini, hawakuiweka juu ya silinda na kuizungusha kwa cheni. Waliiweka chini, karibu na oili, wakatumia fimbo mbili nyembamba kusukuma vali. Viwanda vya China vimeinakili injini hiyo miaka na miaka, na hakuna kijiwe hapa mjini utakachokosa wajukuu wake. Kwa hiyo niliuza injini kwa laki tatu na nusu, nikanunua nakala yake kwa milioni mbili na ushee. Kilichoongezeka ni plastiki na ule uso wa kudai. Hapo kwa fundi nilikaa kwenye tairi bovu kama robo saa, sina neno.

Basi ushauri wangu wa kwanza, mdogo wangu, ndio huo wa mzee: ingiza kidole. Ukiona tundu, lipime kama linapitisha kitu. Ukiona kava, uliza linakinga nini. Gonga tangi. Likilia kama ndoo ya kuogea, ujue tangi lenyewe ni dogo na limefichwa ndani, hicho unachokumbatia kwa magoti ni pambo.

Ya kale ni dhahabu, wanasema, lakini tusidanganyane. CG za mwanzo zilikuwa na umeme wa volti 6, na taa yake usiku njia ya Pangani ilikuwa kibatari. Breki ya mbele ya ngoma, ikilowa unaanza kusoma dua. Pikipiki nyingi za leo zina breki ya diski, zina taa inayoona, unabonyeza zinawaka. Diski yenyewe si jambo la jana, Honda waliiweka mbele ya CB750 mwaka 1969, ila imechelewa kutufikia sisi wa pikipiki ndogo. Hapo wa sasa wametushinda, na mjomba wako akibisha mpe aendeshe usiku wa mvua.

Wala plastiki si dhambi. Honda Super Cub ya mwaka 1958 ilikuwa na ngao ya plastiki mbele ya miguu, kazi yake kuzuia tope na upepo, na kufika mwaka 2017 pikipiki za ukoo huo zilikuwa zimeshatengenezwa milioni 100. Kufunika injini nako si jambo jipya. Vespa, skuta ya Kiitaliano, ilitoka mwaka 1946 injini imefichwa kabisa. Aliyeibuni, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege na pikipiki hakuzipenda, zilikuwa zinamchafua. Akaifunika ili mtu afike kazini na suruali safi. Jina lenyewe kwa Kitaliano ni nyigu, na ukiitazama kwa nyuma unamuona nyigu kweli. Kava lile lina sababu, unaweza kumweleza mtoto akaelewa.

Sasa nieleze sababu ya pikipiki ya kubebea mchele kuwa na pua ya kukata upepo. Mwaka 1981 Suzuki waliingiza sokoni Katana, iliyochorwa na Target Design wa Ujerumani, wakaipa jina la upanga wa Kijapani. Ile imechongoka kwa haki: ina injini ya zaidi ya cc 1000 na inavuka kilomita 200 kwa saa, upepo wa mwendo huo unaweza kukung'oa. Mimi na wewe mwendo wetu wa mjini kisheria ni kilomita 50, na kati ya Chumbageni na Ngamiani, kwa baiskeli za Tanga zilivyo, ukifika 40 umewahi. Hapo pua inakata nini? Tena injini zetu zinapozwa na hewa. Yale mapezi ya silinda yanataka upepo, sisi tunayajengea ukuta.

Nilichokuja kukithamini kwenye Honda ya mzee ni vitu ambavyo kijiweni vilichekwa. Lile kava la bati lililofunika cheni yote, tulikuwa tunaliita shumizi. Mchanga wa baharini haukuingia, mafuta hayakuruka kwenye kanzu, cheni ikaishi. Madigadi ndefu mpaka karibu na chini: abiria anashuka hana mstari wa tope mgongoni. Taa ya duara: ikipasuka unatafuta nyingine ya duara. Ile yangu ya kukunja uso ilipopasuka upande mmoja niliambiwa ninunue uso mzima, uagizwe Dar. Nimetembea wiki tatu na jicho moja.

Angalia tena Boxer pale kijiweni. Sijawahi kusikia mtu akisifia umbo lake. Siti ndefu, keria, injini iko wazi fundi anaifikia bila kuomba ruhusa. Vijana wa bodaboda wanaokula kwa pikipiki wameichagua hiyo, mimi niliyekula kwa mshahara ndiye niliyenunua mwewe. Jifunze kwa wanaotafuta riziki, kijana. Usijifunze kwa wanaopiga picha.

Na usikimbilie kila chenye sura ya zamani pia, kuna uongo wa upande wa pili. Siku hizi makampuni makubwa yamerudia maumbo ya kale. Triumph waliirudisha Bonneville mwaka 2001, ile iliyoanza mwaka 1959, na baadaye walipoacha kabureta, kile chombo cha kuchanganya mafuta na hewa, wakaingiza mfumo wa kupuliza mafuta kwa kompyuta, waliufunika ndani ya kitu kilichochongwa mfano wa kabureta. Pikipiki ni nzuri, sibishi, ningepewa ningelala nayo ndani. Lakini ingiza kidole hapo pia.

Mimi nilianza kuitafuta ya mzee mwaka 2021. Yule mtu wa Korogwe alikuwa ameshaiuza, na aliyemuuzia naye kaiuza, nikaipoteza njia. Nikapata nyingine ya aina hiyohiyo, imesimama bandani kwa mtu, kuku anataga juu ya siti. Nililipa laki nne, na mayai nikaachiwa. Miezi saba nikaifanyia kazi, kila Ijumaa baada ya sala na kila Jumapili, mimi na fundi wa barabara ya 11. Tangi tulilisugua mpaka kwenye bati, tukalipiga rangi nyekundu mara tatu. Nisingejisifu, ila juzi nimesimama taa za barabarani, mzee wa Kihindi kwenye gari akashusha kioo akaniuliza ninaiuza shilingi ngapi. Mwenye pikipiki ya mwewe aliyekuwa nyuma yangu hakuulizwa kitu. Wale wa kijiweni siku hizi wananiita Mzee wa Honda, na wawili wameniomba niwatafutie. Sijawasahau walivyokuwa wakinichanjisha ng'ombe, lakini nimewatafutia.

Siku ilipokamilika niliipeleka kwa baba. Macho yake siku hizi hayaoni sawasawa. Akapitisha kiganja kwenye tangi, upande wa kushoto, taratibu, akarudia. Alikuwa anatafuta lile bonde la jembe.

"Si yenyewe," akasema.

"Si yenyewe, baba."

Akanyamaza kidogo, akashika keria, akapanda nyuma na kanzu yake, akaniambia nimpeleke sokoni.

Kwa hiyo mdogo wangu, nenda dukani mchana, si jioni taa zikiwaka. Itazame ubavuni, maana mbele wameshachora wanachotaka ukione. Mwambie muuzaji akuonyeshe plagi, uhesabu skrubu. Mkalishe mama yako nyuma. Ukishindwa yote, ingiza kidole. Vijana wa siku hizi mnanunua uso, mnaoa uso, mnapigia kura uso, halafu mnashangaa ndani kukoje. Samahani, nimeanza kuhubiri, mke wangu ameshaniambia hii tabia inakua.

Nilikuwa nataka kuituma makala hii asubuhi, nikaona kijana ameshanijibu usiku. Amenunua. Ametuma na picha: iko mbele ya duka, rangi ya machungwa, pua imetangulia, siti bado ina nailoni ya kiwandani, naye amesimama pembeni anacheka mpaka gego la mwisho. Nimemwandikia hongera, na kwamba aitoe hiyo nailoni leo leo, chumvi isijeingia chini yake.